Mahindi ya Nyumba Saba

Asubuhi ile nilikuwa nageuza kahawa juani, nyumbani kwetu karibu na Vwawa. Mume wangu Yohana alipita nyuma yangu na gunia la mahindi begani. Hakuliweka ghalani kwetu. Alilipeleka kwa jirani, Mama Eliya.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa mbali, kaskazini, kwa Wataliano, lakini malori yake yalipita mlangoni kwetu. Yalitoka Rhodesia, yakaingia Tunduma, yakapakia unga na petroli kwenye stoo ya jeshi, kisha yakaendelea. Yohana alikuwa nyapara wa stoo hiyo. Zamani alikuwa nyapara kwenye shamba la kahawa la Mjerumani, hadi vita vilipoanza na Waingereza wakamkamata tajiri wake. Tangu hapo watu walimtazama kwa jicho la pembeni. Na mimi, mkewe, nilianza kumtazama hivyohivyo.

Maana kila alipokuja likizo nilimwona akiingia nyumba za watu kando ya barabara na kuongea kwa sauti ya chini. Mahindi yalizidi kujaa kwenye nyumba hizo. Nilimuuliza yanakwenda wapi.

"Usiniulize, Mama Neema," alisema. "Usipojua, hawatakusumbua."

Maneno hayo yaliniondolea usingizi. Nilidhani wapo rafiki za Mjerumani wamejificha porini, na mume wangu anawalisha.

Yohana aliporudi kazini Tunduma, askari wawili walikuja kwangu.

"Mama, mahindi yale kwa majirani zako ni ya nani?"

"Sijui."

"Mumeo anayapeleka wapi?"

Neema, binti yangu, alikuwa mgongoni.

"Hataki kuniambia," nikasema. "Labda kwa watu wa Mjerumani."

Yohana alikamatwa siku hiyohiyo, akapelekwa Mbeya. Magunia waliyaacha kwenye nyumba zile, wakasema watakuja kuyachukua kwa lori kutoka Tunduma.

Lori halikuja. Mvua ilinyesha mfululizo, mto ukafurika, na daraja la magogo upande wa Tunduma likachukuliwa na maji. Malori yalipanga foleni ng'ambo. Huku kwetu palikuwa na kambi ya vibarua wa barabara pamoja na wanajeshi waliokuwa wagonjwa. Chakula chao chote kilitoka kwenye stoo ile moja.

Siku ya nne vibarua walianza kuchimba mizizi.

Siku ya tano mmoja alifariki.

Hakuna nyumba iliyothubutu kugusa magunia yale, hadi Mama Eliya akanijia. "Shemeji yangu Yohana hakukwambia?" aliuliza. "Alimweleza bwana wa stoo kwamba daraja likivunjika kambi itakufa njaa, akaomba unga ugawanywe pande zote mbili za mto. Bwana yule akasema anayeongea habari za barabara ni mpelelezi. Ndipo akatuomba sisi, nyumba saba, kila nyumba iweke akiba kidogo kutoka kwenye mavuno yake, na gunia la kwenu akaliweka kwangu."

Nilikaa chini, pale pale kwenye matope.

Kisha tulianza kutwanga. Wanawake wa nyumba saba tulibeba unga kichwani hadi kambini, kila siku, mpaka daraja jipya likajengwa. Hakufa mtu mwingine kwa njaa.

Kapteni wa kambi aliuliza ni nani aliyepanga vile. Nikamwambia yuko jela, na nikamwambia aliingiaje. Aliandika barua siku hiyohiyo. Barua ilipofika Mbeya, Yohana alikuwa ameshatolewa jela na kupelekwa kaskazini vitani pamoja na wabeba mizigo. Homa ilimuua njiani. Kaburi lake sijaliona hadi leo.

Watu hapa husema mume wangu aliokoa kambi ile, na ni kweli. Neema alipokuwa mtu mzima aliniuliza ni nani aliyemchongea baba yake. Nilimwambia ni mimi.

"Ulisema uongo, mama?"

"Hapana, mwanangu. Nilisema nilichokishuku tu. Kwao kilitosha."