Udongo wa Chupa ya Pili

Nyumba ya mama mkwe wangu niliibomoa mimi, na sikushika hata nyundo. Nilitamka maneno matatu tu. Kwa muda mrefu hakuna aliyenishuku, na hilo ndilo lililonila zaidi. Nisikilize mpaka mwisho, halafu useme unavyotaka.

Mimi ni fundi wa kujifunza mwenyewe. Shule sikumaliza. Ujenzi niliusoma kwenye kitabu chakavu cha Kireno, kamusi pembeni, ukurasa mmoja siku mbili. Ninachopima nakiandika kwenye daftari. Hapa Quitunda, kaskazini mwa Msumbiji, mwenye ufa ukutani au mwenye kutaka kuongeza chumba alinitafuta mimi. Wananiita mestre, yaani fundi mkuu.

Vita vilipofika Mocímboa da Praia, mama mkwe alitukimbilia akiwa na kanga aliyojifunga na Kurani yake. Nyumba yetu ni ya mabloko ya saruji, ndogo, mabati juu. Unajua mtu na mkwewe walivyo kwetu: hamli sinia moja, hamtazamani usoni. Mama yule alikaa nyuma ya pazia akisubiri nitoke ndipo aende kuoga. Nikichelewa kutoka, naye anachelewa. Aliishi hivyo miaka, na hakulalamika hata mara moja.

Ndipo shemeji yangu Momade, ndugu wa mke wangu, akarudi kutoka Mtwara alikokuwa akifanya kazi ya matofali. Alikuja na mashine ya mkono ya kushindilia tofali za udongo na saruji kidogo, zisizochomwa moto. Akasema atamjengea mama yake nyumba yake mwenyewe, kwenye kiwanja chenye mikorosho minne.

Mimi ningeikata yote minne kabla ya kupiga kamba ya msingi. Yeye hakukata hata mmoja. Aliikunja nyumba kama kiwiko, ikaizunguka miti. Ukuta wa upande wa bahari aliupanga matofali yenye nafasi katikati ili upepo upite. Maji ya mvua yangeshuka kutoka paani hadi kwenye tangi chini ya ardhi, na udongo wa shimo la tangi ndio ungekuwa matofali. Hakuna kuni, hakuna lori la mchanga.

Nilitazama mchoro wake nikatafuta kosa. Nilitafuta kwa rula. Sikulipata.

Watu wakaanza kwenda kutazama. Jioni moja barazani, jirani yetu Saide akanirushia:

"Mestre, siku hizi mestre ni Momade. Wewe umebaki mestre wa mabloko."

"Mabloko yanakaa," nikamjibu.

"Yanakaa, ndiyo. Ila na joto nalo linakaa."

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani, mke wangu alikuwa akimsimulia mama yake jinsi chumba chake kitakavyokuwa, na nyuma ya pazia nikamsikia mama mkwe akicheka. Tangu aje kwetu sikuwahi kumsikia akicheka. Badala ya kufurahi, niliona wivu.

Siku chache baadaye Momade akaja na ndoo mbili za udongo.

"Shemeji, nipimie. Huu wa juu ya shimo, huu wa chini. Kupima kwako nakuamini kuliko macho yangu."

Kupima kwangu ni kwa chupa. Unatia udongo na maji, unatikisa sana, unaacha mpaka kesho yake. Mchanga unatua chini, mfinyanzi unakaa juu, nawe unapima kila tabaka kwa rula. Chupa ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili, zaidi ya nusu ilikuwa mfinyanzi. Udongo wa namna hiyo bila kuongezwa mchanga hupasuka ukikauka, na ukipata mvua hulegea. Niliandika vyote kwenye daftari, kama kawaida yangu.

Momade alipokuja, nikamwambia: "Wote ni mzuri."

Akanishukuru. Akataka hata kunibusu mkono.

Ningeweza kumwahi kesho yake nikamwambia ukweli. Ningeweza hata wiki ya pili, aliponiletea tofali mkononi.

"Shemeji, hizi za juzi zina nyufa nyembamba."

"Ni jua hilo. Zifunike majani, uzimwagie maji."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulinitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Mama mkwe alihamia kabla ya mvua. Mke wangu aliniambia anaoga saa anayotaka, amepanda mchaichai mlangoni, na mchana analala mlango wazi chini ya kivuli cha mikorosho. Mvua kubwa ya tatu ilipopiga, ukuta wa chumba chake, uliojengwa mwisho kwa udongo wa chini ya shimo, ukalainika na kuanguka. Yeye alikuwa jikoni akichemsha chai. Namshukuru Mungu kwa chai ile kila siku.

Alirudi kwetu, nyuma ya pazia lilelile.

Momade akaja kwangu akakaa chini, si kwenye kiti. "Nisamehe, shemeji. Wewe uliupima vizuri, mimi ndiye niliyekosea kuchanganya. Nimekuaibisha."

Nami nikamjibu, "Nimekusamehe." Isikilize tena sentensi hiyo. Nilimsamehe!

Aliifunika mashine kwa turubai. Saide akasema sasa Momade atajifunza mabloko. Nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Kilichonishinda ni pazia. Asubuhi nikisikia mama yule ameamka na amenyamaza, ananisubiri nitoke, ilikuwa kana kwamba ananipima yeye. Nikachukua daftari, nikaenda kwa Momade, nikalifungua kwenye ukurasa wa chupa mbili, nikampa.

Alisoma. Akarudia. Aliangalia tarehe. Nilingoja anipige au anitukane, na nilikuwa tayari kwa yote mawili.

Akaniuliza, "Huu ulitaka mchanga kiasi gani?"

"Toroli mbili za mchanga kwa tatu za udongo."

Akaandika, akanirudishia daftari, akaenda kuondoa turubai.

Tangu siku hiyo ananijibu salamu tu. Mke wangu anajua, na mama yake anajua. Ukuta unapanda tena, na matofali yake hayana ufa. Momade hajaniita kuupima udongo, anaupima mwenyewe kwa chupa.

Wewe unayeijua kazi yako, ukiulizwa na mtu anayekuamini huku kifua kimekubana kwa wivu, mwambie sina nafasi, nenda kwa mwingine. Usimpe jibu. Mimi sasa natoka nyumbani kabla ya alfajiri, nakaa nje mpaka jua lipande, ili mama wa watu aoge kwa nafasi. Ndicho ninachoweza kumjengea kwa sasa.