Nilivyoipeleka Pikipiki ya Maji Iringa

Nilitoka Matema siku ya Jumatatu nikiwa na pikipiki ya maji iliyokufa nyuma ya gari, na hasira kifuani. Pikipiki yenyewe ilikuwa mpya, haijamaliza hata mwezi. Niliinunua kwa ajili ya wageni wanaolala kwenye vibanda vyangu vitano kando ya Ziwa Nyasa, na ilikuja na waranti ya mwaka mzima. Walioniuzia wana duka na karakana Iringa, wanahudumia injini za boti za wavuvi wa Mtera. Nilikuwa nakwenda kudai haki yangu.

Hasira ilikuwa juu ya Asukile, mtu niliyemwajiri kuiendesha. Jumamosi iliyotangulia alimpakia mwalimu mmoja wa kutoka Tukuyu, na walipofika mbali injini ikanyamaza, maji yakaanza kuingia, wakavutwa na mtumbwi wa wavuvi hadi ufukweni. Mimi nilikuwa nimesimama mchangani nawasubiri. Mbele ya wavuvi, mbele ya wageni wangu, nilimwambia ameiua mashine kwa fujo zake, na kazi imekwisha.

Asukile ana miaka arobaini na watoto wanne, na ujana wake wote ameumalizia kwenye boti za Itungi. Alivua jaketi la kuokolea, akalikunja vizuri, akaniwekea miguuni. "Mzee, mimi sijaifanyia fujo," alisema. "Lakini chombo ni chako." Akaondoka bila kugeuka.

Kwa asiyenijua, mimi ni Sudi, mwenyeji wa Soweto, Mbeya. Nimeendesha malori ya mbao miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu na kuhamia ziwani. Barabara nzima kutoka Mafinga hadi Tunduma watu wananijua kwa jambo moja: injini. Nasema hivi ili mwelewe ni mtu wa namna gani aliyekuwa ameshika usukani asubuhi ile.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa njiani na kenta niliyoazima kwa shemeji. Pikipiki tuliilaza juu ya magunia ya pumba, tukaikaza kwa kamba pande nne. Pale Ipinda, kakao ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na harufu yake chachu iliingia mpaka ndani ya gari. Tukuyu nilikuta mvua, kama kawaida ya Tukuyu. Kina mama wa ndizi walizunguka kenta wakiuliza kama hilo dude ni la mazishi au la harusi. Nilicheka nao kidogo, nikanunua mkungu, nikaendelea kupanda.

Uyole nilisimamishwa na trafiki. Aliizunguka pikipiki mara mbili, akataka kujua namba yake iko wapi na kwa nini sina kofia ngumu. Nilimweleza kwamba hii haitembei barabarani. Akaniuliza sasa mbona iko barabarani. Mjadala wetu ulikuwa wa amani, ila ulichukua nusu saa.

Jioni nilifika Soweto kwa dada yangu mkubwa, Zuhura, ambaye amenilea na hajaacha kunilea. Nilimsimulia yote wakati tunakula. Aliuliza swali moja tu, kama nilimpa Asukile nafasi ya kueleza ilivyokuwa. Nikasema maelezo ya nini, injini yenyewe si imeshaeleza. Akaniongezea mchuzi.

Jumanne saa tatu asubuhi nilikuwa Chimala, napata chai na chapati. Bonde la Usangu lilikuwa la kijani mpaka macho yanapoishia. Mzee mmoja wa Kisukuma, mwenye ng'ombe na mashamba ya mpunga upande wa Madibira, alikuja kuangalia mzigo wangu. Aliinama akachungulia tundu la chini ambalo mashine hunyonyea maji, kisha akaniambia pampu yake ya umwagiliaji ikikosa maji huungua siku hiyohiyo, na akauliza kama na hii ni hivyo. Nilimjibu kwamba hii ni injini, siyo pampu. Nilimjibu kwa upole ule wa mtu anayejiona anajua.

Makambako, saa sita mchana, nimeegesha karibu na mizani, simu ikalia. Alikuwa mwenye boti ya abiria ya Itungi. Alisema anatafuta nahodha, kazi ya kudumu, na Asukile amekwenda kuomba. Mwingine pia ameomba. Alikuwa amesikia mambo ya Jumamosi, akataka kusikia kwangu mimi mwenyewe kama huyu ni mtu wa kukabidhiwa injini.

"Mimi nisingemkabidhi hata baiskeli," nilisema.

Alinishukuru, tukaagana. Nilikula mahindi ya kuchoma, nikawasha gari nikiwa mwepesi kabisa. Ndiyo, mwepesi, na sitaficha. Upepo wa Makambako ulikuwa mkali na baridi yake ile ile ya zamani, na njia nzima ya misonobari hadi Mafinga nilikuwa napiga mluzi. Iringa niliingia jua likiwa limeelemea magharibi, nikapanda kilima kutoka Ipogolo kwa gia ya pili, nikalala kwenye nyumba ya wageni jirani na soko.

Jumatano saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni pa karakana. Nilitarajia kijana wa kumkaripia. Akatoka mama mmoja wa umri wa kati, mwembamba, ovaroli imepauka magotini. Aliitwa Fundi Lustika.

"Kamwene, baba," alinisalimu kwa Kihehe.

Nilimwitikia, kisha nikafungua kesi yangu kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akafunua kiti cha pikipiki, akaingiza mkono, akatoa mpira mnene wa bomba la moshi. Ulikuwa umeyeyuka upande mmoja na kutoboka. Akaunganisha waya kwenye kompyuta yake ndogo, akasoma kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza.

"Baba," alisema, "ikiwa nchi kavu, nani huwa anaiwasha?"

Nikasema hakuna. Akauinua ule mpira uliotoboka. Nikasema labda mimi, asubuhi, kuipasha moto tu.

"Dakika ngapi?"

"Kumi. Kama injini yoyote."

"Na haikulia?"

Hapo nilipata nafuu, maana swali hilo nililijua jibu. Nilimweleza kwamba ililia, pii-pii-pii, na kwamba lori nalo hulia hivyohivyo asubuhi kabla breki hazijajaa upepo. Dereva mzuri haondoi gari likiwa linalia. Anangoja. Nami kila ilipolia nilikuwa nangoja.

Fundi Lustika aliweka spana chini. Kama angecheka ningemshukuru, lakini hakucheka. Alichukua kiti, akakaa karibu yangu, akanieleza polepole kama mtu anayetoa habari ya msiba. Mashine hii haina rejeta. Inajipoza kwa maji ya ziwa inayoyanyonya ikiwa inaelea. Nchi kavu haina cha kunywa, na moshi wake unapita kwenye mpira ukiwa moto wa jikoni. Ile pii-pii ilikuwa inaniomba niizime. Mpira ulipotoboka, maji ya ziwa yakapata mlango. Katika kitabu chake mambo haya yamechorwa ukurasa wa mwanzo, kwa rangi nyekundu. Kitabu changu kilikuwa Matema, ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa.

"Huyo dereva wako hana kosa," alisema. "Kumrudisha mgeni salama na chombo cha namna hii, huyo ni mtu anayejua maji."

Nilikumbuka asubuhi moja Asukile alipofika kazini saa mbili, mimi nikiwa nimeshamaliza kupasha. Aliuliza mbona pananuka mpira. Nilimjibu ni upya wa mashine.

Fundi akaleta fomu. Palikuwa na mstari wa chanzo cha hitilafu, na mwingine wa mhusika. Aliniuliza nataka aandike nini. Nilijua kwamba angeandika ukweli hata kama ningesema vingine, lakini nilifurahi kuulizwa. Nikasema andika imewashwa nchi kavu, na mhusika ni mimi, Sudi. Akagonga muhuri kwamba haimo kwenye waranti. Vifaa vingetoka Dar es Salaam, ningengoja wiki mbili, na mashine ibaki kwake.

Nilitoka nje na kenta tupu. Nilisimama kwenye baraza la karakana, nikatoa simu, nikalitafuta jina la mwenye boti. Nikaliangalia. Nikajiambia nitapiga nikitulia.

Saa kumi jioni nilikuwa Mafinga kwa rafiki yangu Mgaya, mwenye mashine ya kupasua mbao. Tulianza naye kazi pamoja, na kwake sijawahi kupita bila kusimama. Alinipokea kwa kelele, akawaita mafundi wake waje kumwona Sudi mwenyewe, mtu anayeijua injini kwa sikio. Walikuwa na mashine ya kupasulia iliyokuwa ikikosakosa tangu juzi. Wakaniomba niisikilize. Niliinamisha kichwa, nikasikiliza, nikasema tazameni nozeli ya tatu ya dizeli. Wakaifungua, ikawa ndiyo. Mgaya alinipiga mgongoni mpaka nikakohoa.

Aliniuliza safari ya Iringa imekwendaje. Nilimwambia vifaa vinasubiriwa. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za malori tuliyowahi kuyaendesha, na simu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Nilikuwa na aibu, lakini zaidi ya aibu nilitaka kuendelea kuwa yule mtu kwa jioni moja tu. Nikajiambia kesho.

Alhamisi Mgaya hakuniachia hadi saa nne, kwa sababu uji na viazi havikwisha. Nilifika Makambako mchana. Niliegesha karibu na mizani, mahali palepale, nikapiga simu. Nilimwambia mwenye boti kila kitu, hata habari ya upepo wa breki. Akasema amesikitika kweli, ila yule mwingine ameshamkabidhi chombo na hawezi kumnyang'anya mtu kazi kwa sababu ya simu. Nikamuuliza amemkabidhi lini. Mtandao ulikuwa unakatika, na jibu lake sikulipata.

Ijumaa niliswali Tukuyu nikashuka ziwani. Saa tisa alasiri nilikuwa Matema, na sikwenda kwanza kwangu. Nilikwenda nyumbani kwa Asukile. Alikuwa anashona wavu uani. Nilipoanza kueleza, alinyoosha mkono kuniomba ningoje.

"Ulinisema ufukweni, mzee," alisema. "Twende ukaseme kulekule."

Tukaenda. Wavuvi walikuwa wanapanga nyavu zao, wengi wao ndio walewale wa Jumamosi. Nilisimama mchangani nikasema kwamba Asukile hakuiua mashine, niliiua mimi, na nikaeleza nilivyoiua. Nilipofika kwenye upepo wa breki, mzee mmoja alikaa chini kabisa kwa kicheko, na wengine wakamfuata. Walinicheka kwa haki. Asukile naye alitabasamu, akanipa mkono, akasema yameisha, kutojua si dhambi.

Nikamwambia bado, kuna jambo la Itungi. Nikamweleza niliyoyasema kwa mwenye boti Jumanne, na kwamba nimempigia tena kuyafuta, ila nimechelewa. Tabasamu lilimtoka polepole. Wavuvi wakarudi kwenye nyavu zao.

"Fundi alikwambia lini kwamba si mimi?" aliuliza.

"Jumatano, asubuhi."

"Na mwenye boti ulimpigia lini?"

"Alhamisi, mchana."

"Mwenzangu alikabidhiwa Alhamisi, saa tatu," alisema.

Mashine imerudi na inafanya kazi. Asukile anaiendesha, mshahara nimempandisha, na tunasalimiana vizuri kila asubuhi. Kwa mnaotaka kununua chombo kama hiki, someni kitabu chake kabla hamjakishusha kwenye gari, na nchi kavu msikiwashe. Hilo nilijifunza kwa mazungumzo ya dakika tano, na kosa langu la kutojua lilisamehewa mbele ya watu, tukacheka. Ile siku moja niliyojua nikanyamaza, Asukile hajaitaja tena. Nimengoja aitaje, anigombeze nijue nimelipa, lakini huja saa mbili, hufanya kazi yake, na saa kumi na moja huenda nyumbani kwake.