Bundi Juu ya Paa la Mwanabaraka

Huku Mbagala, ukitaka unga usionuka mkojo wa panya, utaelekezwa mashineni kwa Mwanabaraka. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kushindana na mota, na wanawe wote amewalea kwa kusagia watu mahindi. Panya walimtesa sana. Aliwahi kutega sumu; panya wakafa, na paka wake aliyewala akafa pia. Alilia kweli, na sumu hakuigusa tena.

Kisha bundi wawili wakahamia kwenye tundu la mnazi mkavu nyuma ya mashine. Chini yake yakaanza kuonekana madonge ya manyoya na mifupa ya panya, na magunia yakaacha kutobolewa. Mwanabaraka akajua amepata walinzi wasiodai hata chai.

Balaa ni kwamba mnazi ule uliinamia paa la jirani yake, Chausiku, ambaye mama yake alikuwa hoi kitandani. Na uswahilini nani asiyejua kwamba bundi akilia juu ya paa, anamwita mtu wa nyumba ile? Kila jioni Chausiku alitupa chumvi motoni kumfukuza, wapi. Asubuhi moja akaja na Theonest, fundi seremala, shoka begani.

"Shoga, nakuheshimu, ila mti huu leo unalala chini."

"Mle ndani mna makinda," alisema Mwanabaraka.

"Na mle kwangu mna mama."

Wapo wateja waliotaka Mwanabaraka amwite jirani yake mshamba, lakini hofu ya mtu anayeuguza haiondoki kwa matusi. Akazima mashine.

"Theonest, weka shoka chini. Nipigilie kasha la mbao juu ya paa langu, pale pale juu ya chumba ninacholala. Ukishayahamishia makinda humo, angusha mnazi. Kama bundi anaita mtu, basi aniite mie."

Wateja wakavuta astaghafirullah. Theonest, Mhaya asiyetaka kuonekana mwoga, alipiga ishara ya msalaba mara mbili ndipo akapanda ngazi, akayahamishia makinda kwenye kasha, kisha akaangusha mnazi. Jioni bundi wakubwa walizunguka wakiyatafuta makinda, wakasikia vilio vyao, wakatua juu ya kasha.

Alfajiri Mwanabaraka akagongewa mlango. Alikuwa Chausiku.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka."

Akaenda zake. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Mama yake akapata nafuu ya kuketi barazani, makinda yakaota manyoya, naye Chausiku hakuacha kubisha hodi. Mwishowe Mwanabaraka akaudhika, akamuuliza kama anasubiri kumzika.

"Nikuzike una nini?" Chausiku alijibu, machozi yakimlengalenga. "Mama kapona, lakini chumvi bado naitupa motoni kila jioni. Siku hizi naitupa kwa ajili yako. Haya, washa mashine, nimeleta mahindi."