Kompyuta Iliyoshika Simu

Mjomba wangu alikuwa na duka Frere Town, na nyuma ya duka palikuwa na chumba alichonipa nifanyie kazi yangu ya kutengeneza kompyuta. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Simu ilikuwa moja tu, pale dukani, nami nikavuta waya wake hadi chumbani ili nipokee barua pepe za ofisi mbili tatu za Changamwe zilizonitegemea.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ndogo na kuukuu, ofisi moja ilikwisha kuitupa. Niliitia Linux, programu ya kuiendesha, kutoka kwenye sidii ya kuazima. Tabu ilikuwa umeme. Ukikatika kisha ukarudi, mashine iliwaka yenyewe, lakini ilikaa kimya mpaka nije niandike amri za kuipigia simu mashine ya mjini iliyohifadhi barua. Basi nikaandika skripti, orodha fupi ya amri: piga; ukishindwa, piga tena. Nikaitia kwenye faili la rc.local, ambalo Linux hulisoma inapomaliza kuamka. Nikazima swichi ya ukutani, nikaiwasha, na baada ya muda modemu, kile kidude kinachoipigia kompyuta simu, ikalia bila ya mimi kugusa kitu. Nilifurahi hata nikamwita mjomba aje aone.

Alitazama, akauliza, "Na mtu akitaka kutupigia?"

"Haikawii, mjomba. Ikishachukua barua inakata."

"Na isipopata?"

Jibu nililijua. Mistari miwili zaidi ingetosha kuiambia ijaribu mara chache kisha inyamaze. Nikamwambia nitaiongeza. Sikuiongeza. Mashine ilikuwa ikifanya kazi, nami nilikuwa mvivu wa kugusa kinachofanya kazi.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mjane, mzaliwa wa Jomvu Kuu, mshona kofia. Dada yake wa pekee aliolewa Maskati, na kila Ijumaa baada ya alasiri alimpigia pale dukani. Bibi alikuja mapema na sindano yake, akaketi karibu na simu akishona na kusubiri.

Ijumaa moja umeme ulikatika tangu asubuhi. Mchana nilipokuwa nikifunga chumba changu niende Magongo kwa mteja, nikamkuta bibi ameshafika, kofia imelala mapajani.

"Shikamoo, bibi. Mbona mapema leo?"

"Marahaba, mwanangu. Dada yangu kesho yuwapasuliwa. Nataka niisikie sauti yake kwanza."

"Utaisikia, inshallah," nikasema, nikaenda zangu na ufunguo mfukoni.

Niliporudi, magharibi ilikuwa karibu. Kabla sijafungua mlango niliisikia modemu ndani: inapiga, inanyamaza kidogo, inapiga tena. Umeme ulikuwa umerudi wakati wa alasiri. Nambari ya mjini haikupatikana, na mashine yangu ilikuwa imeing'ang'ania laini tangu hapo kama nilivyoiagiza. Bibi alikuwa ameshakwenda kwake.

"Simu imeharibika," mjomba akaniambia. "Nikiinua nasikia makelele tu."

Niliichomoa kompyuta, nikaenda moja kwa moja kwa bibi, nikamweleza bila ya kuficha kitu kwamba mashine yangu ndiyo iliyoishika simu.

"Si kitu, mwanangu," akasema. "Atapija kesho, akiamka."

Hakuamka. Aliyepiga alikuwa mpwa wa bibi, na aliyeinua simu nilikuwa mimi. Kabla sijamwita bibi, kijana yule aliniuliza kama dukani hapakuwa na mtu ile Ijumaa, maana mamake alipiga na kupiga, mpaka wauguzi wakamwondolea simu kwa nguvu ili apumzike. Nikamwambia watu walikuwapo. Kisha nikaenda kumwita bibi.

Matangani nilibeba maji na kutandika majamvi, nikiwa na hakika kwamba kila anayeniangalia anajua. Wanawake walipomuuliza bibi kama aliwahi kuzungumza na marehemu, nilimsikia akijibu, "La. Umeme ulikatika siku ile." Alisema hivyo kila alipoulizwa, nami nipo pale pale, sufuria mkononi. Angenitaja ningeweza kuomba radhi mbele za watu. Alivyonisitiri, nilibaki na lile jambo peke yangu.

Niliufuta ule mstari katika rc.local. Baadaye niliandika skripti nyingine, inayojaribu mara chache na kukoma, na inayongoja niiruhusu kabla ya kugusa simu. Kazi yote haikunichukua hata muda wa kunywa chai. Nilipoona ilivyokuwa rahisi, niliinuka nikatoka nje, nisiweze kukaa nayo chumba kimoja.

Bibi hakuacha kupita dukani. Siku moja aliniita kibarazani kwake nimtungie uzi, na nilipokuwa nikihangaika na tundu la sindano akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hivi ile mashine yako, siku ile, ikimpijia nani?"

"Mashine nyingine, bibi. Iko mjini."

"Na huyo naye hakupokea?"

"Hakupokea."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayemhurumia mtu, akanyoosha mkono nimpe sindano.