Siku Niliyovuta Uradi Kwenye Meza ya Kamari

Bora niusimulie mwenyewe mkasa huu, maana Sule, rafiki yangu, keshausimulia mitaa yote na kila akiusimulia anautia chumvi, juzi nimesikia ati nilivaa kilemba, na mimi kilemba sikuvaa, nilivaa kanzu na kofia ya viua, na hayo peke yake yanatosha kumwaibisha mtu mmoja.

Mimi ni fundi wa makochi, mtaa wa Mpendae. Skuli sikufika mbali, lakini kwenye karata Mungu alinipa kichwa. Barazani kwetu tunacheza wahedi wa sitini, mchezo wa kutafuta pointi sitini na moja, nami nakumbuka kila karata iliyokwishatoka, ree gani imezikwa, turufu gani imebaki na kaikalia nani, mpaka wapo watu wazima wanaokataa kuanza mchezo kama sikuwekwa upande wao. Basi siku moja nikaona kwenye simu mzungu mmoja anaeleza jinsi ya kumshinda mwenye kasino kwenye mchezo wa ishirini na moja: karata ndogo ikitoka unaongeza moja, kubwa ikitoka unatoa moja, hesabu ikipanda ujue kubwa ndizo zilizobaki, hapo ndipo unaweka nyingi. Nikasema moyoni, kumbe kuna watu wanatajirika kwa kitu ninachokifanya mimi kila jioni bure.

Na wakati ule nilikuwa na haja. Ijumaa iliyokuwa inakuja wazee wetu walikuwa waende kwa kina Raya kusikiliza jawabu ya posa yangu, na jawabu ilikuwa mkononi mwa mjomba wake, Mjomba Khatibu, aliyemlea tangu baba yake alipofariki, mtu mpole, tunasalimiana msikitini, lakini akisema laa ni laa. Pesa ya kitanda nilikwishaiweka, ya kitanda cha kawaida. Ila Raya aliwahi kusimama dukani mbele ya kitanda chenye kichwa cha nakshi, akakipapasa kama mtu anayempapasa paka, kisha akaondoka zake. Mimi nikawa silali, mwisho nikaamua kuipeleka pesa ile kasino ikazae ya kitanda cha nakshi.

Kilichoniponza ni kitu kidogo. Nimeshaazima vespa ya Sule, nimevaa shati langu, natoka, Mama ananiita.

"Haji."

"Naam."

"Unakwenda wapi na chombo cha watu?"

"Nnakwenda Nungwi, Mama. Kuna nikaha." (Sijui ilitoka wapi hiyo nikaha.)

"Nikaha, na shati hilo? Hebu njoo hapa."

Akanivua shati, akanipigia pasi kanzu, akaifukiza udi, akanivisha kofia kwa mkono wake, akasimama mlangoni mpaka nikawasha vespa. "Na usirudi bila halua yangu," akasema, maana nikaha gani mtu anatoka bila halua. Nikaenda hivyo hivyo, nimeikalia kanzu isipepee, nanukia udi, nakwenda kucheza kamari.

Mlinzi wa kasino, ndani ya hoteli moja kabla ya kufika Nungwi, aliniangalia juu mpaka chini. "Shehe, umepotea? Msikiti uko kule nyuma."

"Nimekuja kucheza."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemwona mgonjwa.

Ndani kulikuwa na joto, AC imeharibika, kwenye kona ngazi imesimama na miguu ya fundi inaning'inia, kiwiliwili chote kimo darini. Nikakaa meza moja na bibi mmoja wa kitalii, mabega yameungua jua mekundu. Mgawaji karata alikuwa msichana wa bara, jina lake Neema limeandikwa kifuani. Nikaanza kuhesabu.

Sasa, mimi nikihesabu natumia pingili za vidole, dole gumba linapita pingili baada ya pingili, kama sote tunavyovuta uradi baada ya swala tukiwa hatuna tasbihi, na midomo inacheza yenyewe, ndivyo nilivyofunzwa utotoni chuo cha Kurani na namna nyengine siijui. Barazani hakuna anayelitazama hilo. Pale nilikuwa wa kutazamwa.

Hesabu ikapanda vizuri, nikaweka nyingi, nikaliwa. Ikapanda tena, nikaweka tena, nikaliwa. Ndipo nikaona kwamba karata zikishachezwa Neema haziweki pembeni, anazirudisha kwenye kijisanduku cheusi kinachonguruma kama paka aliyeshiba, nacho kinazichanganya na kuzitema upya. Kwetu karata ikishachezwa imekufa. Pale zilikuwa zinafufuka.

"Dada," nikamnong'oneza, "ina maana hizi haziishi?"

"Haziishi, shehe. Zinarudi humo humo."

"Sasa mtu atahesabu nini?"

"Ndiyo maana wameinunua hiyo mashine," akasema, na hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Dole gumba halikusimama, ila sasa halikuhesabu karata, lilikuwa linahesabu Ya Rabbi nitoe humu kwa heri. Na yule bibi wa mabega mekundu ndipo aliponiona. Akamwuliza Neema, Neema akanigeukia: "Anauliza kama unaomba dua."

Ningesema nini? Niseme nahesabu karata, nifukuzwe? Niseme laa, niongeze uongo mwengine juu ya ule wa nikaha? Nikatabasamu. Bibi akazisogeza karata zake chini ya mkono wangu, akashinda. Akashinda tena. Akapiga ukelele, akamwita mumewe, mume akashinda naye, watu wakaanza kuhama meza zao kuja kwetu, huyu analeta karata nizishike, yule anataka nimpulizie, simu zimeinuliwa zinapiga picha, na katikati ya msukosuko huo pesa yangu ya kitanda ikaondoka yote bila hata mmoja kugundua.

Neema akainama. "Shehe, dua yako inawafika wenzako tu?"

Mzee mmoja wa kizungu alikuwa ameshainamisha kipara chake mbele yangu kabisa, anangoja kupulizwa, nilipoisikia ngazi ikilia. Miguu ikashuka, kikashuka kiuno, kikashuka kifua, na mwisho ukashuka uso wa Mjomba Khatibu, bisibisi iko mdomoni.

Nikainuka, mzee wa watu bado kainamisha kipara. 

"Shikamoo, Mjomba."

Akaitoa bisibisi mdomoni. Akaitazama kanzu, akazitazama karata, akakitazama kile kipara. "Marahaba. Hawa ndio wanafunzi wako?"

"Laa, Mjomba."

"Laasiri umeswali?"

"Nimeswali."

"Basi twende nje, magharibi isitukutie humu."

Nje nikamwambia kila kitu, kitanda, nakshi, Raya alivyokipapasa, na machozi yananitoka, na kwa kuwa nilishafungua mdomo nikamwambia na la mwisho, kwamba Mama anasubiri halua. Hapo aligeuka akaangalia ukuta, mabega yanamtikisika.

Aliponigeukia tena uso ulikuwa mkavu. "Halua shauri yako. Ila ukiitaka jawabu yangu Ijumaa, mama yako awe keshajua ulikuwa wapi, na asikie kwako."

Nilimwambia Mama usiku ule ule. Hakugomba. Aliichukua kanzu, akaikuta inanuka sigara za kasino, akaifua, akaianika, kesho yake akaifua tena.

Ijumaa wazee wakakaa, na wa kwetu mmoja akauliza, kama inavyoulizwa, ikiwa upande wa mke wana neno juu ya kijana. Mimi niko mlangoni na Sule, naisikia kila pumzi ya Mjomba Khatibu.

"Kijana namjua," akasema. "Kazi anayo, swala anaswali. Na uradi nilimkuta mwenyewe anauvuta, pahala ambapo sijapata kumwona mtu akiuvuta."

"Mashaallah," wakasema wazee, na Sule akapaliwa na kahawa.

Tumeoana. Kitanda ni cha kawaida, nilikaa muda nikashona makochi mengi ndipo nikakipata, na kichwa chake nimekitengeneza mwenyewe kwa vipande vya mahameli vilivyobaki kazini, na Raya (niliyemwambia yote kabla Sule hajanitangulia) hukipapasa akipita. Kasino sikanyagi tena, hata wakiniambia mashine imekufa. Karata nacheza barazani, na kwenye wahedi wa sitini bado wananigombea. Ila nikialikwa nikahani siku hizi, narudi moja kwa moja kwa Mama na halua mkononi, naye haipokei mpaka ainuse kanzu kwanza.