Alama Kando ya Jina la Mama wa Maharage

Wiki hii nilipofika Mushaki, muuza jibini wa kando ya barabara aliniambia, kabla hata ya kunisalimu, kwamba mama wa maharage amefariki. Homa tu, alisema. Hatukuwa marafiki, marehemu na mimi. Tulikutana kwenye foleni ya kooperative ya akiba na mikopo kule Masisi, tukasukumana, tukaombana radhi. Sijui kama hilo linanipa haki ya kumwandika. Shule yangu iliishia njiani, na wasomaji wenye subira mnajua kwamba mara nyingi jambo nalielewa baada ya kuliandika. Basi niandike.

Vita vilipowatoa watu Mushaki, alikimbilia kambi ya Lushebere, na njiani akapoteza mfuko wenye kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Mwanamke aliyeuokota akaenda na kadi ile kooperative, akachukua mkopo kwa jina la mwenye kadi, akatoweka. Ulaghai ulipojulikana hawakumdai marehemu chochote, hilo lazima niliseme. Ila kando ya jina lake waliweka alama nyekundu: mwenye jina hili asipewe kitu kabla ya kutambuliwa na shahidi. Siku alipokuja kuomba mkopo wa mbegu, mvua zikiwa zimekaribia, nilikuwa nyuma yake.

«Mama, jina yako iko na alama ya bwizi,» msimamizi alimwambia.

«Miye njo baliibia, na alama munaniwekea miye?»

«Iko ya kukulinda, Mama.»

«Inanilinda na nani? Na maharagi?»

Foleni yote ilicheka. Yeye hakucheka. Shahidi wa ukoo hakukubaliwa, wala rafiki, kwa sababu hao wanaweza kugawana naye mkopo. Na wengine waliomjua vita vilikuwa vimewatawanya. Alipanda kwa kuchelewa, mbegu za kuombaomba, na msimu ule watoto wake walikula sombe tupu, majani ya muhogo bila maharage.

Msimu uliofuata alikuja na jirani yake wa Mushaki. Hao wawili waligombania mpaka wa shamba tangu kabla ya vita, na kambini walipishana bila salamu.

«Unamujua huyu?» msimamizi aliuliza.

«Namujua sana. Anakulaka shamba yangu, anasogeza mupaka kidogo kidogo. Njo yeye.»

Mkopo ulitoka siku ileile. Msimamizi aliniambia baadaye kwamba shahidi bora kuliko huyo hajawahi kumpata. Tangu hapo, kila msimu, niliwaona barabarani, mmoja mbele na mwingine nyuma, kimya. Marehemu alimlipa mwenzake kwa maharage ya kupika, na mwenzake alilalamika kwamba kipimo ni kidogo.

Niwe mkweli kwa kooperative pia: alama ilifanya kazi. Yule mwizi alirudi na kadi, akaambiwa alete shahidi. Akasema anakwenda kumwita. Nadhani bado anamtafuta.

Mwanachama akifa, kooperative hutoa jeneza. Kwa marehemu huyu msimamizi alitaka shahidi kwanza, maana alama ilikuwa palepale. Jirani aliitwa. Walifunua kitambaa, akatazama.

«Njo yeye,» alisema, na safari hii shamba hakulitaja.

Nilimuuliza msimamizi kama sasa alama itafutwa.

«Inatoka mwenye jina akikuja kuomba. Hakuombaka hata siku moja.»

«Alijuaka kama inaombwa?»

«Hakuulizaka.»

Simwoni kuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa kulinda, akalinda. Ila katika nchi ambamo watu wanakimbia leo na kurudi kesho, kila mmoja wetu ana kadi iliyoanguka mahali, na ulinzi usio na mwisho unakuwa mzigo wa aliyeibiwa, si wa mwizi. Kwa hiyo ukiwekewa alama ya namna hii, uliza siku hiyohiyo inaondolewa vipi. Na anayeiweka aseme bila kungoja kuulizwa.

Wa kwanza niliyemweleza somo hili alikuwa yule jirani, baada ya maziko. Nilimwambia kwamba ombi moja tu lingewaondolea safari zile zote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

«Na miye,» aliuliza, «ningekuwa natembea na nani?»