Chupa Mbili za Bahari

Mayunga wa Nyakahura, mfugaji mwenye ng'ombe kumi na wanane na maneno mengi kuliko hao ng'ombe, alirudi kutoka pwani na chupa mbili za maji ya bahari. Moja aliijaza Pangani, kwa binti yake Limi anayefundisha huko. Nyingine aliijaza Kilwa, kwa mwanawe Maduhu. Kijiji kilimcheka, naye hakuona cha kuchekwa. Chumvi ya ng'ombe watu wanainunua dukani. Aliyeikuta imelala bure aiache kwa nini?

Sasa ilikuwa zamu ya mkewe. Kwandu alikuwa amelea watoto sita bila kuiona bahari hata siku moja. Shibuda, mdogo wake Mayunga, alikubali kuchunga majuma mawili, mara hiyo tu, asiulizwe tena. Kwa hiyo ilikuwa pwani moja, Pangani au Kilwa. Limi alipiga simu asubuhi, Maduhu jioni, kila mmoja akivutia kwake. Kwandu alikosa usingizi. Akichagua vibaya, nafasi nyingine hana.

"Baba Limi, wewe umefika kote. Sema."

Mayunga akakohoa kama shahidi barazani. Pangani, alisema, maji huondoka asubuhi kama yanakwenda machungani, halafu yanarudi yenyewe bila mchungaji. Yeye alioga humo mpaka wajukuu wakachoka kumngoja. Kilwa kuna samaki watamu na majumba ya mawe ya kale yasiyo na paa, na watu wanatoka mbali kuja kuyatazama. "Wangeniita mimi," akasema, "ningeyaezeka kwa wiki moja."

"Kwa hiyo ni wapi?"

Mayunga akajikuna. "Tuwaulize wenye ulimi."

Akamimina chupa moja katika beseni hili, ya pili katika lile. Ng'ombe wakaja, wakalamba la Pangani, wakalamba la Kilwa, kisha mmoja akaanza kulamba shati la Mayunga. Shibuda, aliyekuwa ameegemea zizi, alicheka hadi akakaa chini.

Kwandu hakucheka. Alimtazama mumewe, akauliza taratibu, "Ni wapi ulinikumbuka?"

Hapo maneno yakamwishia Mayunga. Angeweza kudanganya, lakini mke wa miaka thelathini na miwili hadanganyiki.

"Kilwa," akasema. "Nilikaa juu ya jiwe, nikaona huku pembeni hakuna mtu. Nikatamani kurudi nyumbani."

"Na Pangani?"

Mayunga akainamisha kichwa, kwa aibu ya kweli. "Pangani, mama Limi, nisikufiche. Siku tano nzima, sikukukumbuka."

Shibuda akaacha kucheka. Kwandu akaokota mabeseni yake, akayakung'uta.

"Basi tunakwenda Pangani," akasema. "Pahali palipokusahaulisha mimi lazima ni pazuri sana. Acha nami nikakusahau kidogo."